Uyoga Unaokula Gogo na Mbuni Unaochanua: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tuna nusu ekari ya kahawa ya Robusta nje kidogo ya Bombo, Uganda, na nyuma ya nyumba kuna kibanda cha uyoga chenye mifuko inayoning'inia kama nyama buchani. Anayekuja kununua uyoga lazima apite katikati ya mibuni, na akifika kibandani huwa tayari ana maswali. Wengine huuliza kwa Kiswahili, wengine Kiganda, wengine Kinubi, na hapa Bombo si ajabu mtu mmoja kutumia zote tatu kabla hajashusha pumzi. Nimeyakusanya hapa. Mbuni ninaousema ni mti wa kahawa. Yule ndege wa shingo ndefu mtafuteni kwenye mbuga ya Kidepo.

Kwani uyoga si mmea?

Si mmea. Vitabu vya zamani viliuweka huko, na Linnaeus mwenyewe, yule Mswidi wa karne ya 18 aliyewapa viumbe majina ya Kilatini, aliusukumia humo humo. Mwaka 1969 Mmarekani Robert Whittaker alipanga viumbe katika falme tano, na kuvu, yaani uyoga na ukungu wote, zikapata ufalme wao.

Tofauti ni ya jikoni. Mbuni unapika wenyewe: jani linachukua hewa ya ukaa, mizizi inaleta maji, jua ndilo moto, na sukari inapatikana. Uyoga haujui kupika. Unakula kilichopikwa na mwingine, kama mimi na wewe. Kuta za seli za mbuni zimejengwa kwa selulosi. Za uyoga zina kitini, kitu kile kile kilichomo kwenye gamba la senene. Hata akiba yake ya chakula si wanga kama wa muhogo bali glikojeni, kama ile iliyo kwenye ini lako. Kiukoo, uyoga uko karibu nawe kuliko ulivyo karibu na mbuni. Haji mmoja wa makamo aliposikia hivyo aliurudisha uyoga wake kwenye mizani, akaniangalia kwa muda. Mwishowe aliununua.

Ule uyoga ninaokula ndio mwili wake mzima?

Hapana, na hapa ndipo hesabu za wengi zinapoharibika. Ukiweka uyoga upande huu na mbuni upande ule, umelinganisha embe na mti wa mfenesi. Mwili wa kuvu ni nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilizotambaa ndani ya gogo kila upande. Hizo ndizo zinazokula, zinazokua, zinazoishi miezi na hata miaka. Kile kinachotokeza nje na kukatwa kwa kisu ni tunda tu. Mwenzake shambani si mbuni mzima. Ni lile tunda jekundu la kahawa.

Nikipasua kwa wembe mfuko uliokomaa, maganda ya kahawa na ya pamba niliyoyajaza mwezi uliopita badala ya gogo siyaoni tena. Naona kitu cheupe kilichoshikana kama kipande cha godoro, kinachonukia ardhi iliyonyeshewa, kitamu kidogo puani. Ukikivunja kinakatika kwa shida, kwa sababu nyuzi zimeshashona kila ganda na mwenzake. Wageni wengi huja kuangalia kofia za uyoga. Mimi huwaonyesha mfuko huo kwanza.

Gogo linaliwaje bila meno?

Kwa mate, ukipenda kusema hivyo. Wewe unameza ndipo unamng'enya. Kuvu inatema vimeng'enya nje ya mwili wake, mti unalainika, halafu inafyonza supu.

Mbao zina vitu viwili vikubwa. Selulosi ni kama fito za nyumba ya udongo, na lignini ni udongo uliosiliba fito hizo. Lignini ndiyo ngumu kuvunjwa, na viumbe wanaoiweza ni wachache mno. Uyoga tunaofuga sisi, jina lake la kitaalamu Pleurotus (wenzetu wa Tanzania wanauita mamama), ni miongoni mwao. Unaila lignini pamoja na selulosi, na gogo linabaki jeupe, jepesi, lenye nyuzinyuzi, unaweza kulichana kwa vidole kama nyama ya kuku iliyoiva sana. Wataalamu wanaita huo uozo mweupe. Kuna kuvu nyingine zinazokula selulosi na kuacha lignini karibu yote. Hizo huacha mti wa kahawia, uliopasuka vipande vya mraba kama chokoleti, ukiufinya unageuka unga. Kama umewahi kuvua bati kuukuu ukakuta boriti iko hivyo, ulikutana na uozo wa kahawia.

Kuvu hizi zisingekuwepo, kila tawi lililowahi kuanguka msitu wa Mabira lingekuwa bado limelala pale pale.

Mbuni ni mti au kichaka?

Ukiuacha, Robusta hupanda hadi mita kumi hivi. Tunaupogoa ili mkono ufike, ndiyo maana unaonekana kichaka. Ukoo wake ni mmoja na mkwinini ule wa dawa ya malaria. Tena si mgeni hapa kwetu: Robusta bado inaota yenyewe katika msitu wa Kibale, na Waganda waliitafuna kabla ya mtu yeyote kuwaonyesha kikombe. Waliofanya undugu wa damu, omukago, walichukua punje mbili za tunda moja, kila mmoja akaigusisha yake damu yake, wakabadilishana, wakala.

Mbuni unachanua lini? Nilikuja wiki iliyopita sikuona ua hata moja.

Umekuja mapema, au umechelewa siku mbili. Mbuni una subira ya ajabu. Vichipukizi vya maua hujitengeneza kwenye vifundo vya matawi, vikafika ukubwa wa punje ya mchele, halafu vikalala. Ukame unapoendelea vinasubiri. Ikinyesha mvua ya kutosha, si manyunyu ya kulowesha vumbi, vinaamka vyote pamoja, na baada ya wiki moja hadi siku kumi hivi unatoka nje asubuhi unakuta shamba limevaa kanzu.

Maua ni meupe, yamejipanga vifundo kwa vifundo, na harufu yake inakaribia yasmini. Inafika hadi barabarani; waendesha boda hupunguza mwendo. Nyuki huwa wengi kiasi kwamba ukisimama katikati unasikia shamba linaunguruma. Siku ya pili bado ni zuri. Siku ya tatu petali zinaanza kuwa kahawia, zinadondoka, na mtu aliyekuja kupiga picha analaumu barabara.

Jambo la kuzingatia kwa anayepanda: ua la Robusta haliwezi kujichavusha. Chavua ya mti ule ule, au ya mti wenye damu ile ile, haifanyi kazi. Kwa hiyo ukinunua miche ya vikonyo, yaani vipande vilivyokatwa mtini, yote kutoka mti mama mmoja kwa sababu eti ulizaa sana, utapata shamba la maua bila matunda. Changanya aina kadhaa. Arabika ya Mlima Elgon haina shida hiyo, inajichavusha yenyewe. Kutoka ua hadi tunda jekundu, Robusta inachukua miezi tisa hadi kumi na moja. Ndiyo, kama mimba, na mara nyingine zaidi.

Na uyoga una maua?

Hauna. Hauna mbegu pia, ingawa sokoni tunasema "mbegu za uyoga". Zile ni punje za mtama zilizotawaliwa na nyuzi za kuvu. Uyoga wenyewe huzaliana kwa vijimbegu vidogo kama moshi, vinavyodondoka kutoka kwenye mikunjo iliyo chini ya kofia. Kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeusi, ifunike kwa bakuli, lala. Asubuhi utakuta mchoro mweupe wa mikunjo yote, kama umechorwa kwa chaki. Mbuni wetu unachavushwa na upepo na nyuki. Kuvu inahitaji upepo tu, na kwa kuwa upepo hauna adabu, inarusha vijimbegu kwa mamilioni ili vichache viangukie penye kuni.

Hapa kuna onyo. Vijimbegu hivyo ukivivuta kila siku kibandani vinaudhi mapafu. Mke wangu alikohoa miezi miwili tukidhani ni vumbi la Bombo. Sasa tunavuna kofia kabla kingo hazijakunjuka kabisa, na anayevuna anavaa barakoa.

Uyoga hauhitaji jua. Basi nikiufungia stoo gizani utaota?

Nyuzi zitakua gizani bila shida. Kofia hazitatoka vizuri. Uyoga unahitaji mwanga kidogo, si kwa chakula bali kama taarifa: ukiuona unajua umefika nje ya gogo, wakati wa kuzaa umewadia. Mwanga wa kutosha kusoma gazeti unatosha.

Kinachowashinda wengi ni hewa. Mbuni unavuta hewa ya ukaa na kutoa oksijeni mchana kutwa. Uyoga unafanya kinyume, unapumua kama sisi. Ukiufungia chumba kisicho na madirisha, hewa ya ukaa inajaa, na uyoga unadhani bado uko ndani ya gogo. Unarefusha shingo kutafuta njia. Utapata mashina marefu kama vidole vya mzee na kofia ndogo kama vifungo vya shati. Watu huniletea picha za namna hiyo wakiuliza ni dawa gani ipulizwe. Dawa ni kutoboa ukuta.

Nimeona uyoga kwenye mbuni wangu ulio hai. Nifanye nini?

Kwanza angalia unaota kwenye nini hasa. Mbuni mzee una vidonda vya kupogolewa, matawi makavu, kisiki pembeni. Sisi tuna mmoja kwenye kona ya chini tulioukata kubakiza kisiki ili uchipue upya. Upande mmoja umetoa machipukizi matatu yenye afya. Upande wa pili mti umekufa, na umeotwa na uyoga mdogo wa kijivu wenye umbo la upepeo na manyoya mafupi mgongoni. Ukiugeuza, mikunjo yake imepasuka katikati kama iliyochanwa kwa ncha ya sindano. Ni Schizophyllum. Kiangazi unajikunja ukafunga mikunjo yake, mvua ikija unajikunjua. Unakula upande uliokufa, machipukizi yanaendelea na maisha. Sijaugusa.

Sasa kuna kuvu isiyo na heshima hiyo: Armillaria. Inaanzia kwenye visiki vya miti ya msituni iliyokatwa wakati wa kufungua shamba, inakula mizizi iliyokufa, halafu inavuka kwenda kwenye mizizi hai ya kahawa au chai iliyo jirani. Mbuni unanyauka bila sababu inayoonekana. Chubua gome pale shina linapoingia ardhini. Ukikuta utando mweupe kama karatasi umebandikwa kati ya gome na mti, ukinuka uyoga mbichi, ndiyo hiyo. Mbuni huo hauponi. Ng'oa, fukua mizizi yote hata iliyo nyembamba, choma. Wazee wa mashamba ya chai walikuwa na ujanja wa kuchubua gome la mti mkubwa kuuzunguka muda mrefu kabla ya kuukata, ili mizizi imalize wanga wake na kuvu ikose cha kula. Bado ni ushauri mzuri.

Usiichanganye na mnyauko wa kahawa, ulioonekana Uganda mwaka 1993 na kuua sehemu kubwa ya Robusta ya nchi hii katika miaka iliyofuata. Ule nao ni kuvu, lakini haili mbao. Inaziba mirija ya maji. Ukichubua gome unaona michirizi ya bluu inayoelekea weusi kwenye mti wenyewe. Inasafiri kwenye panga, kwa hiyo choma bapa la panga kwenye moto kabla ya kwenda mbuni mwingine, na ng'oa mgonjwa uuchome hapo hapo, usiuburute shambani. Miche inayouhimili, ile ya aina ziitwazo KR, ilitoka kituo cha utafiti cha Kituza, Mukono.

Halafu kuna kidudu ambacho mimi binafsi nakichukia na kukiheshimu kwa pamoja. Ni mbawakawa mweusi mdogo kuliko punje ya ufuta. Jike linatoboa kijiti cha mbuni, tundu kama la sindano upande wa chini, na ndani halili mti. Linapanda kuvu. Limekuja na vijimbegu vyake mwilini, linavisambaza kwenye kuta za handaki, na watoto wake wanakula bustani hiyo. Kijiti kinakauka kutoka kwenye tundu hadi nchani, majani yanabaki yananing'inia meusi. Hapa Uganda aliripotiwa kwanza Bundibugyo. Kwa hiyo mkulima wa uyoga aliyenitangulia kwenye shamba hili ana urefu wa milimita mbili. Kata kijiti chini ya tundu, choma siku ile ile. Ukikitupa pembeni mwa shamba umempa nauli.

Kwa hiyo kuvu zote ni adui wa mbuni?

La. Mizizi ya mbuni ina kuvu wengine wanaoishi ndani yake, wakiisaidia kupata fosforasi na kulipwa sukari. Huwaoni, hawaoti uyoga. Ukimwaga dawa za kuua kuvu ardhini ovyo unawaua hao pia.

Uyoga wa kichuguu ni huu huu?

Ni jamaa wa mbali, na kwa ladha nakiri unaushinda wetu. Ule ni Termitomyces. Mchwa wanakusanya majani makavu na vipande vya miti, wanavijenga kama sega ndani ya kichuguu, kuvu inavilainisha, na mchwa wanakula. Mvua zikija inatokeza uyoga nje. Ile midogo meupe inayotapakaa chini kama popkoni, obubaala, ni ya ukoo huo. Hakuna aliyefaulu kuufuga bila mchwa kwa namna ya kuuza sokoni, kwa hiyo ukiuona Machi au Aprili nunua usiulize sana.

Ukiwa na mgeni Mganda mezani, uliza ukoo kwanza. Watu wa ukoo wa Butiko hawali uyoga. Ndio mwiko wao. Mjomba wa jirani yetu ni wa ukoo huo. Hununua kwangu kila Jumamosi kwa ajili ya wajukuu wa upande wa binti yake, na huushika mfuko kwa vidole viwili, mkono kaunyoosha mbali.

Kipi kinaleta pesa haraka?

Uyoga, bila mjadala. Kuanzia kupanda mbegu kwenye mfuko hadi kuvuna mara ya kwanza ni kama wiki nne hadi sita, na vichwa vikishatokeza, siku tano tu umekata. Mbuni utakusubirisha karibu miaka mitatu hadi mavuno ya kueleweka. Ila mbuni ukishashika unakupa miongo, na kiboko, yaani kahawa iliyokaushwa na ganda lake, inakaa stoo ikingoja bei. Uyoga wa asubuhi usipouzwa hadi kesho jioni unakuwa wa kukaushwa au wa kuku.

Na uyoga unaadhibu uvivu papo hapo. Mwaka wa kwanza nilijaza mifuko sitini, nikaipanga kwenye pipa la lita mia mbili nichemshe kwa mvuke kwa muda wa saa nne. Kuni zilikuwa mbichi, moto ukafifia usiku, nami nikajilaza "kidogo". Asubuhi niliona mvuke bado unatoka nikajiambia inatosha. Wiki mbili baadaye mifuko arobaini na mmoja ilikuwa ya kijani kama dodo. Ule ni ukungu wa Trichoderma, unaokula kuvu wenzake, na mvuke wangu wa nusunusu ulikuwa umemwandalia tu meza. Mbuni ungenisamehe usiku mmoja.

Maganda ya kahawa yanafaa kuoteshea uyoga?

Yanafaa, na ndiyo sababu vitu hivi viwili viko kwenye boma moja. Kiboko ikikobolewa, punje zinakwenda kwa mnunuzi na maganda yanabaki lundo nyuma ya mashine. Wenye mashine nyingi huyatoa bure au kwa bei ndogo. Shida yake ni kafeini, ambayo mbuni unaiweka ili wadudu na viumbe wengine wauache. Pleurotus inavumilia na hata kupunguza sehemu ya kafeini hiyo, lakini maganda matupu huiotesha polepole. Sisi tunachanganya nusu kwa nusu na maganda ya mbegu za pamba. Loweka usiku kucha, chuja, kamata kiganjani ufinye: yakitoka matone mawili matatu ni sawa, yakitoka maji mfululizo rudisha juani.

Mfuko ukishavunwa mara tatu au nne hauna nguvu tena. Tunaupasua, tunauacha uoze mwezi mmoja, na unarudi chini ya mibuni.

Ni kweli uyoga huu unakula wanyama?

Kweli. Gogo lina sukari nyingi na naitrojeni kidogo sana, hivyo nyuzi za Pleurotus hutega minyoo ya udongo isiyoonekana kwa macho. Zina vifuko vidogo vya sumu. Mnyoo ukigusa unapooza, na nyuzi zinaingia ndani. Kwako hakuna madhara. Ila usiwaambie watu hili wakiwa mezani, nimejaribu.

Kila uyoga unaoota kwenye mti unalika?

Hapana, na hili sitanii. Kuna uyoga wa kwenye mbao wenye sumu inayoua, na kuna wengine wanaofanana na huu wetu kwa umbo wakakutapisha usiku kucha. Kijiko cha fedha kutobadilika rangi si kipimo. Kitunguu saumu kutogeuka rangi si kipimo. Kuona panya au konokono amekula si kipimo. Baadhi ya sumu haziondoki kwa kuchemsha, na zile mbaya zaidi hukaa kimya kwa muda wa saa sita hadi kumi na mbili kabla ya tumbo kuanza, wakati ini limeshaguswa. Okota tu ule ambao mama yako aliokota, mahali pale pale, mbele ya anayeujua. Ukihisi vibaya baada ya kula, nenda hospitali na mabaki ya uyoga wenyewe.

Ile migumu kama ubao inayotoka kama rafu kwenye shina la mwembe au mutuba (mti wa nguo za magome), kahawia juu na nyeupe chini, mara nyingi ni Ganoderma. Hailiki. Ukiiona kwenye mti ulio karibu na nyumba, shughulikia mti, kwa sababu kiini chake huenda kimeshalainika.

Naweza kuwaleta watoto wa shule?

Walete, bora iwe wiki moja hivi baada ya mvua kubwa ya kwanza, huenda mkakuta maua. Waje na karatasi nyeusi kila mmoja, tutawapa kofia za uyoga za kuondoka nazo. Wasibonyeze mifuko.